Mfupa Uliovunjika na Kijana Atakaye Udaktari

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi moja isiyojulikana sana, nayo ni kazi ya msaidizi wa utafiti katika wodi ya mifupa. Maneno yetu twayaelekeza hasa kwa vijana, wa kike na wa kiume, waliokwisha kumaliza Kidato cha Sita, au waliokwisha kupata stashahada ya utabibu, nao wangojea kuingia chuo cha udaktari. Lakini wazazi nao na wasikilize, maana mara nyingi mzazi ndiye aulizaye, "Mwanangu, kazi hii ya kujaza makaratasi hospitalini itakufaa nini?" Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu.

Ili mazungumzo yetu yasielee hewani, na tuchague mahali pamoja tupaweke mbele ya macho yetu. Tuchague Nkoma. Nkoma ni kata ya Wilaya ya Itilima, katika Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012 nchi ile ilihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Mwaka ule mkoa mpya ulianzishwa, na Itilima ikatengwa na Bariadi. Wenyeji wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na mahindi na mtama, na wafugaji wa ng'ombe. Katika nchi kama ile mifupa huvunjika kwa njia nyingi. Mtoto huanguka mtini. Mchungaji husukumwa na fahali. Mtu alimaye kwa plau huweza kukanyagwa na maksai wake mwenyewe. Na siku hizi imeongezeka pikipiki, ambayo humfikisha mtu mnadani upesi, na pengine humfikisha hospitalini upesi zaidi.

Basi, tuseme mtu wa Nkoma amevunjika muundi, na mfupa umetoboa ngozi ukaonekana nje. Jeraha la namna hii ni la hatari, kwa sababu uchafu huingia mpaka mfupani. Dawa ya kuzuia usaha yapasa itolewe mapema, na jeraha lisafishwe vema katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa huyu huenda akapelekwa Bariadi, na kama shida ni kubwa zaidi, akaendelea kwa njia ya Lamadi, kando ya ziwa, mpaka Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, nayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Huko atatibiwa, atakaa siku zake, kisha atapewa magongo na kuambiwa, "Rudi baada ya wiki sita."

Hapo ndipo tunapotaka msikilizaji atege sikio. Je, atarudi? Nauli ni ya kutafuta. Masika ikiingia, udongo mweusi wa mbuga hunata miguuni hata mtu mzima wa viungo vyote huona taabu kupita, sembuse mwenye magongo. Msimu wa kulima ukifika, ndugu aliyekuwa tayari kumsindikiza hana nafasi. Basi mgonjwa hakurudi. Daktari aliyempasua afungua daftari, aona mahali palipo patupu, wala hajui kama mtu yule sasa atembea, au amelala kitandani mguu unatoka usaha, au amekwisha kufa. Kazi ya msaidizi wa utafiti, kwa neno moja, ni kuhakikisha kwamba mahali pale hapabaki patupu.

Na tueleze sasa kazi yenyewe ilivyo. Utafiti wa matibabu hauanzi kwa kisu, huanza kwa swali. Madaktari hujiuliza, kwa mfano, katika njia hizi mbili za kutibu muundi uliovunjika, ipi yamfaa mgonjwa zaidi? Swali huandikwa pamoja na njia ya kulijibu, kisha hupelekwa kwa kamati za maadili kutafuta ruhusa. Katika Tanzania Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye dhamana hiyo kwa taifa zima. Ruhusa ikipatikana, kazi yaanza wodini. Msaidizi huamka mapema, huangalia ni wagonjwa gani walioingia usiku, huuliza kama wanafaa kuingia katika utafiti, huwaeleza jambo lenyewe, huandika majibu yao, hukusanya picha za mifupa, huweka siku ya kuonana tena, na siku hiyo ikipita bila mtu kuonekana, hupiga simu.

Katika mambo hayo yote, gumu kuliko yote ni lile la kumweleza mgonjwa. Mtu aliyevunjika mguu ana maumivu na hofu. Akiona mtu mwenye koti jeupe na kalamu, husema ndiyo kwa kila neno, akidhani kwamba akikataa hatatibiwa. Ndiyo ya namna hiyo si ridhaa. Msaidizi yampasa akae kitako karibu na kitanda, macho yake yalingane na macho ya mgonjwa, amsalimu kwa heshima ya umri wake, aseme, "Mzee, ukikubali, vema, ukikataa, vema pia, na matibabu yako hayatapungua hata kidogo." Kisha anyamaze, angoje. Kama mgonjwa ni bibi mzee wa Nkoma asiyezoea Kiswahili cha mjini, na msaidizi ni kijana wa kwao, neno moja tu la "Mwangaluka" hulegeza moyo kuliko karatasi tatu zilizopigwa mhuri. Kwa hiyo kijana wa shamba asijidharau. Lugha ya mama yake ni chombo cha kazi, kama kisu kilivyo chombo cha mpasuaji.

Labda mtu atasema, "Mgonjwa asiporudi ni shauri lake, tuhesabu waliorudi." Hapana. Na tupige hesabu ndogo tuone. Tuseme wagonjwa 100 walitibiwa kwa njia moja. Baada ya mwaka, 80 walirudi, na katika hao 80, wanane mifupa yao haikuunga. Mtu wa haraka atasema, "Wanane katika 80 ni kumi katika kila mia, njia hii ni nzuri." Lakini wale 20 wako wapi? Kama wote walipona wakaona hakuna haja ya kupoteza nauli, basi walioshindwa kupona ni wanane tu katika mia. Lakini kama wote 20 hawakurudi kwa sababu hawawezi kutembea, basi walioshindwa kupona ni 28 katika mia. Kati ya wanane na 28 pana shimo kubwa, na daktari aliye gizani huweza kuwatumbukiza humo wagonjwa wengi wajao. Aliyepotea si lazima awe aliyepona. Msaidizi apandaye pikipiki na kuulizauliza mpaka akafika kwenye mji wa mgonjwa, akamwona kwa macho yake, amelifukia shimo lile kwa sehemu yake.

Fikira hii si ngeni duniani. Palikuwa na mpasuaji mmoja katika mji wa Boston, Marekani, jina lake Ernest Amory Codman, aliyeishi kati ya mwaka 1869 na 1940. Yeye alishika neno moja bila kuliachia: kwamba kila hospitali imfuate kila mgonjwa, angalau kwa mwaka mmoja, ione kama matibabu yalifaa, na kama hayakufaa, iulize kwa nini. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, akamwandikia kila mgonjwa kadi yake. Mpaka mwaka 1916 wagonjwa 337 walikuwa wametoka katika hospitali ile, na Codman akatangaza kwa maandishi, bila kulazimishwa na mtu, kwamba aliona makosa 123 katika kuwatibu. Madaktari wenzake wengi walimchukia kwa hayo, maana nani apendaye kuonyesha jeraha la jina lake mwenyewe? Lakini leo hospitali kubwa za dunia hufuata wagonjwa kwa njia aliyoipigania, na kijana ashikaye simu wodini akimtafuta mgonjwa wa Itilima, ajue asijue, afanya kazi ya Codman.

Na tusidhani kwamba mambo hayo yako ng'ambo tu. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iitwayo kwa kifupi MOI, iliyowekwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Hapo ulifanyika utafiti mkubwa, ukiongozwa na Daktari Billy Haonga pamoja na wenzake wa Tanzania na Marekani, juu ya jeraha lile lile tulilolitaja, yaani muundi uliovunjika na kutoboka ngozi. Swali lilikuwa hili: je, ni afadhali mfupa utiwe chuma ndani, katika uboho, au ushikwe na vyuma vya nje, ambavyo wagonjwa wengi huviita antena? Watu 240 waliandikishwa kuanzia mwaka 2015, wakagawanywa kwa kura, si kwa kuchaguliwa na daktari, ili pasiwe na upendeleo. Katika hao 240, watu 221 walifuatwa mpaka mwaka mzima ukaisha.

Wasikilizaji, hesabu hiyo ya 221 mtu huisoma kwa nukta moja, lakini iliwagharimu watu jasho la miezi mingi. Wagonjwa wa namna hii hutoka mikoa mbalimbali, wengi ni madereva na vibarua, hubadili makazi, hubadili namba za simu. Kuwapata zaidi ya tisa katika kila kumi baada ya mwaka ni kazi ya watu wasiochoka. Na jibu lilikuwaje? Jibu lilichapishwa mwaka 2020. Katika mambo makubwa, yaani kifo, au kupasuliwa tena kwa sababu ya usaha au mfupa kukataa kuunga, njia mbili hizo hazikuachana sana: kwa chuma cha ndani walikuwa kama 18 katika kila mia, kwa vyuma vya nje kama 22, na tofauti hiyo ni ndogo, huweza kutokea kwa bahati tu. Lakini waliotiwa chuma cha ndani mifupa yao iliunga ikiwa imenyooka zaidi, na katika wiki za mwanzo walijiona wana maisha mepesi kidogo kuliko wenzao. Hilo ni jibu la kweli, halikutiwa chumvi, nalo humsaidia daktari asiye na chombo kimoja kujua kwamba akitumia kile alicho nacho hakumtupa mgonjwa wake.

Liko jambo jingine lionyeshalo thamani ya daftari. Mwaka 1999 mpasuaji wa mifupa, Lewis Zirkle, wa mji wa Richland katika jimbo la Washington, Marekani, alianzisha shirika liitwalo SIGN. Shirika hilo hutengeneza chuma cha kutiwa ndani ya mfupa kwa namna ambayo mpasuaji huweza kukiweka bila mashine ya picha katika chumba cha upasuaji, tena hukitoa kwa hospitali za nchi zisizo na fedha nyingi, ili mgonjwa maskini asikikose. Lakini lina sharti: kila chuma kilichotumika kiandikwe, na habari za mgonjwa zipelekwe katika daftari kuu la shirika, ndipo chuma kingine huletwa. Basi hapo maandishi ya mgonjwa mmoja ndiyo yamletayo mwenzake matibabu. Na katika habari hizo iko picha moja ya ajabu: mgonjwa huambiwa achuchumae mpaka chini, atabasamu, apigwe picha. Mtu aliyevunjika paja akiweza kuchuchumaa bila kushika ukuta, na uso wake ukacheka, ni ishara njema kwamba mfupa umeunga. Picha kama hiyo huweza kupigwa kwa simu, chini ya mwembe, hata mahali pasipo mashine ya kupiga picha za mifupa. Tena watu wetu waelewa maana yake bila kufundishwa: asiyeweza kuchuchumaa hawezi kukamua ng'ombe, hawezi kupalilia pamba, wala hawezi kwenda chooni bila aibu.

Sasa na tuseme neno juu ya waunga mifupa wa kienyeji, maana katika nchi nyingi za Wasukuma wengi huanzia kwao kabla ya kufika hospitalini. Kijana msomi huona haya kuwataja, au huwataja kwa dharau. Asifanye hivyo. Hugh Owen Thomas, aliyeishi mwaka 1834 mpaka 1891, ambaye ni mmoja wa mababu wa elimu ya mifupa, alizaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, nchi ya Wales. Baba yake alifanya kazi hiyo Liverpool bila shahada yoyote. Mwana alisomea udaktari, akachukua ujuzi wa mikono ya baba yake, akatengeneza gango la chuma la kushika mguu uliovunjika. Katika vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 gango hilo lilienezwa na mpwa wa mkewe, Robert Jones, nalo liliokoa maisha ya askari wengi waliovunjika mapaja. Hata hivyo tusidanganyane: banzi likifungwa kwa kukazwa mno huzuia damu, na kiungo huweza kuoza mpaka kikatwe, na mfupa uliotoka nje ya ngozi hauponi kwa kufungwa tu. Basi msaidizi wa utafiti amwulize mgonjwa, kwa upole na pasipo kumwaibisha, "Baba, kabla ya kuja hapa ulipita wapi? Ulifungwa kwa siku ngapi?" Akijibiwa kwa kweli, daktari amepata habari kubwa. Akimkemea mgonjwa, atajibiwa, "Sikupita popote," na kweli imekwisha kufukiwa.

Tumefika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni uaminifu. Tuseme ni saa kumi na moja ya jioni, msaidizi ana karatasi kumi za kujaza, na katika moja pamekosekana jibu: je, mgonjwa aliona maumivu kiasi gani wiki ya sita? Simu yake haipatikani. Karatasi zatakiwa kesho. Ni rahisi sana kuandika namba ifananayo na zile za wengine, hakuna atakayeona. Lakini namba ile itaingia katika hesabu, hesabu itaingia katika kitabu, kitabu kitasomwa na daktari wa mbali, naye atampasua mtu kwa kuitegemea. Mtu huyo huenda akawa wa Nkoma, huenda akawa ndugu wa aliyeandika. Patupu palipoandikwa "hakupatikana" ni ukweli. Palipojazwa uongo ni mtego uliofunikwa majani. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nasi twaongeza, wala kalamu isijikwae, maana neno la kalamu hudumu baada ya mwandishi kusahau.

Kadhalika msaidizi ajue mipaka yake. Yeye bado si daktari. Asimguse mgonjwa kwa kutibu, asimweleze picha ya mfupa kana kwamba ameisomea, asimwahidi kwamba atapona. Akiulizwa, "Mwanangu, mguu wangu utakatwa?" asijibu kwa kubahatisha, ajibu, "Mama, nitamwita daktari akueleze mwenyewe," kisha amwite kweli, asisahau. Na siri aliyoisikia wodini asiichukue mpaka kilabuni. Katika kijiji kila mtu amjua kila mtu, na jina moja lililotajwa kwa mzaha huweza kuwafanya watu kumi waogope hospitali.

Sasa twarudi kwa swali la mzazi: kazi hii yamfaa nini mtoto? Katika nchi ya Marekani mtu husoma kwanza chuo kikuu miaka minne kabla ya kuingia chuo cha udaktari, na vijana wengi katikati hapo hufanya kazi kama hii kwa mwaka mmoja au miwili. Kwetu Tanzania njia ni nyingine. Mwanafunzi wa fizikia, kemia na baiolojia hutoka Kidato cha Sita, akienda JKT kwa muda wake, kisha huingia chuo moja kwa moja, akasoma miaka mitano, na baadaye mwaka mmoja wa utarajali. Nafasi yake ya kungojea ni miezi michache tu. Tabibu mwenye stashahada ana nafasi kubwa zaidi, naye hukubaliwa upesi, kwa kuwa amekwisha kuijua wodi. Nafasi zenyewe si nyingi, wala malipo si makubwa; pengine ni nauli na chakula tu, na mzazi yampasa kulijua hilo mapema. Yafaa kuuliza katika hospitali za rufaa, katika vyuo vikuu vya afya, na katika vituo vya utafiti, kama kile cha taifa kilichoko Mwanza. Aandike barua fupi yenye adabu, aseme ajua lugha gani, aweza kutumia kompyuta au hawezi, na yuko tayari kwa miezi mingapi. Asiseme uongo hata katika barua ile, maana ndiyo karatasi yake ya kwanza ya utafiti.

Faida atakayoipata si cheti peke yake. Atajifunza mapema neno ambalo madaktari wengine hulijua uzeeni: kwamba matibabu hayaishi mgonjwa atokapo mlangoni. Mfupa haungi katika chumba cha upasuaji. Huunga nyumbani, katika miezi ya kulala kwa taabu, kula vizuri au vibaya, kusaidiwa na ndugu au kuachwa. Kijana aliyekwisha kumfuata mgonjwa mpaka uani kwake, akaona kitanda alalacho na umbali wa kisima, siku atakapokuwa daktari hatasema tu, "Rudi baada ya wiki sita." Atauliza kwanza, "Utarudi kwa njia gani?"

Na kama kijana, baada ya kuona damu na kusikia vilio na kupigia simu zisizojibiwa, akaona moyo wake hauipendi kazi ya udaktari, hilo pia ni faida; amelijua kabla ya kutumia miaka mitano na fedha za baba yake.

Basi, wazazi, mtoto akiomba nauli ya kwenda kujaza makaratasi katika wodi ya mifupa, mwulizeni maswali, kisha mkiweza mpeni. Nanyi vijana, mkipewa daftari, liandikeni kwa kweli. Na wewe mgonjwa uliyepona ukakaa kimya nyumbani, ukipigiwa simu na sauti usiyoijua ikikuuliza habari za mguu wako, usikate, jibu. Jibu lako ni dawa ya mtu ambaye bado hajavunjika.

Kwa herini.